Nilichonunua Ni Kukaa

Langas, Eldoret
7 Februari 1971

Kwa mwanangu Warigia,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi mama yako. Sisi hapa hatujambo, na kama huko Nakuru wewe pia hujambo, basi ni vizuri. Baba yako anakusalimu, yuko nje kwa kiti chake. Baba yako mdogo Waweru anakusalimu, na Muthoni bibi yake, na watoto wao wote, hata huyu wa mwisho ambaye hujamwona, ana meno mawili sasa. Mzee Kimeli jirani yetu anakusalimu, na bibi yake. Mwalimu Chepkoech wa kisomo cha ngumbaru anakusalimu. Ndiye amesema nikuandikie mwenyewe kwa Kiswahili ndiyo mkono uzoee, kwa hivyo makosa usicheke. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Habari za hapa si nyingi. Jua ni kali, shamba limechimbwa, tunangoja mvua. Tulichimba mimi na Muthoni. Baba yako amenona sana, shati ya kanisa haifungi tena hapo chini. Watu wakipita barabarani wanasema, huyo ndiye mwenye shamba, na mimi nasikia vizuri. Si unakumbuka alivyokuwa mwembamba akimchimbia kaburu, mpaka mifupa ya mabega inasukuma koti? Sasa namwambia apumzike. Asubuhi nampelekea chai pale pale kwa kiti, mchana chakula, na maji ya mikono, na jioni namvua viatu. Akitaka moto wa kiko naleta. Hana haja ya kusimama.

Ni kitu kimoja tu. Viatu vyake vimenywea. Nafikiri ni kwa sababu niliviweka karibu na moto. Siku hizi haviingii, anavaa ndara. Huko Nakuru maduka ni makubwa, mtafutie vinavyozidi hivi kidogo. Na kama hapo hospitali kuna dawa ya kusugua, utume, kwa sababu mguu unalala akikaa.

Niandikie upesi.

Ni mimi mama yako,
Wahu

*

Nakuru
20 Februari 1971

Mama yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na mkono wako umekuwa mzuri, mwambie Mwalimu Chepkoech asante. Mimi ni mzima, ni uchovu tu wa kazi. Wasalimie wote uliowataja, mmoja mmoja.

Mama, si viatu vilivyonywea, ni miguu iliyovimba. Ukibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, shimo linabaki? Akipanda kutoka mtoni anapumua namna gani? Ama siku hizi hashuki mtoni?

Wodi yetu ya wanaume imejaa wazee kama yeye. Wengi walikuwa watu wa jembe, kisha wakapata shamba lao ama duka, wakakaa. Daktari akizunguka asubuhi anawauliza swali moja: ulitoka jasho lini mara ya mwisho? Wanamtazama kama amewatukana. Anatufundisha sisi wanafunzi kwamba mwili unataka kutumika kila siku. Si kubeba magunia. Ni kutembea tu, mpaka moyo ugonge na shati ilowe, na kesho tena, na kesho kutwa tena. Mwili usipotumika, damu inalala, moyo unachoka, presha inapanda bila kelele.

Sitatuma viatu. Apelekwe hospitali hapo mjini apimwe presha. Aache kwenda kanisani kwa pikapu ya Baba mdogo, si mbali. Apalilie hata mistari michache. Na wewe, Mama, usimpelekee kila kitu pale alipo. Maji ayafuate mwenyewe. Najua hili ndilo utaona gumu, ndiyo maana naliandika mwisho.

Mtoto wako,
Warigia

*

Langas, Eldoret
21 Machi 1971

Kwa mwanangu Warigia,

Pokea salamu za baba yako, za Waweru na Muthoni na watoto, za Mzee Kimeli na Mwalimu Chepkoech. Ndama amekua. Mvua imeanza, mahindi yameingia chini.

Barua yako nilimsomea baba yako. Si yote. Ile ya mwisho niliiruka. Nilimwambia, mama yako ameandika, anasema utembee. Unajua tangu tukupe jina la mama yake yeye hukuita mama, na neno lako hulisikia kuliko langu. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema mama yake wa kwanza alimtuma kuchunga mbuzi mpaka unyayo ukaisha, na huyu wa pili ameanza tena.

Halafu akaacha kucheka. Nikuambie aliyosema, kwa sababu nayafikiria nikikamua. Alisema:

"Jembe nilikuwa nalo kwa kaburu. Nilichonunua ni kukaa."

Kile kiti alikinunua siku kaburu alipouza vitu vyake akienda. Wenzake walinunua ng'ombe na plau, yeye akabeba kiti kichwani. Miaka yote alikuwa chini kwa mistari, na kaburu juu ya baraza na miguu imenyooshwa. Sasa baba yako anaketi baraza ile ile, na anaangalia upande ule ule. Na mimi siku zile akirudi mikono imepasuka, sikuwa na kitu cha kumpa ila maji ya moto ya miguu. Sasa nina chai, nina maziwa, nina mafuta. Nimnyime?

Na watu je? Mwanamke ambaye bwana yake anajichotea maji, wanasema amemkalia. Wewe uko mbali, si wewe utasikia.

Vijana wa huku bado wanapita wakikimbia mazoezi ya mbio kuelekea Kaptagat, kijana wa Kimeli pia. Baba yako huwaita kutoka kwa kiti, awaulize nani anawafukuza. Juzi Mzee Kimeli alikuwa hapa na ng'ombe zake, akamjibu badala yao. Alisema, "Ni uzee unawafukuza, Gathogo. Wewe umeuwekea kiti." Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka sana.

Lakini usiogope. Siku hizi anatembea asubuhi mpaka kwa lango na kurudi. Hospitali tutaenda tukimaliza palizi.

Jibu upesi.

Mama yako,
Wahu

*

Nakuru
4 Aprili 1971

Mama mpendwa,

Nimefurahi mpaka nimemwambia sista wa wodi kwamba baba yangu anatembea. Lango si mbali, lakini ni mwanzo. Wiki ijayo afike kwa Mzee Kimeli, halafu kwa Baba mdogo, ashuke mtoni na kupanda upande wa pili. Ule mlima ndio dawa. Kama ana pumzi ya kuimba anapopanda, aongeze mwendo. Kama hana pumzi ya kuongea, apunguze. Na chumvi ipungue kwa chungu.

Pasaka sitapata ruhusa. Lakini nikijua anatembea nalala vizuri.

Mtoto wako,
Warigia

*

Langas, Eldoret
13 Juni 1971

Kwa mwanangu Warigia,

Natumaini basi lilikufikisha salama. Waweru anakusalimu, Muthoni na watoto, Mzee Kimeli. Mwalimu Chepkoech alikuja kumwona baba yako, akaleta kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kuganda. Baba yako anakusalimu, mdomo bado umekwenda upande lakini maneno yanasikika.

Tangu uondoke, ni hivi. Mkono wa kulia bado umekufa. Mguu unashika kidogo. Fimbo uliyomwachia anaitumia kufukuza kuku, akiwa amekaa. Ulisema asubuhi na jioni asimame, ashikilie ukuta, ahesabu hatua. Asubuhi ya kwanza alisimama. Ya pili aliniambia mguu unamdharau. Kutoka hapo ananiita tu, na mimi naenda. Namshika kwapa, namgeuza, nambeba mpaka kwa kiti. Amekuwa mwepesi upande mmoja na mzito upande mwingine, sijui nikuelezeje.

Siku ile ya Mei ulipokuja, baba yako amepooza, ulinikuta nimekaa karibu na kitanda, mikono juu ya magoti, ukaniuliza mbona silii. Mpaka leo sijalia. Moyo wangu uko kama mguu uliokaliwa. Najua ni wangu, uko hapo, lakini hausemi kitu. Napika, nakamua, napalilia, nalala.

Nilikuandikia kwamba anatembea mpaka kwa lango. Hakuwa anatembea. Ulijua ulipofika, na hukusema mbele ya watu, ulisema jikoni. Ulisema, "Hata ng'ombe, Mama, huwa tunamtoa zizini." Maneno hayo nimeyaweka. Hayaumi bado. Nafikiri yataanza kuuma baadaye.

Unataka nimwache aite bila kujibiwa. Mwanangu, mtu mgonjwa anaita na mimi nipo, nikae tu? Hata mgeni siwezi kumfanyia hivyo. Uliza daktari kama kuna njia nyingine, dawa ama sindano, na uniandikie upesi.

Mama yako,
Wahu

*

Nakuru
24 Juni 1971

Mama yangu,

Nisamehe kwa yale ya jikoni. Si uwongo, lakini sauti haikuwa nzuri.

Nimemuuliza daktari. Hakuna sindano. Vidonge vya presha anywe kama alivyoandikiwa, lakini mguu hauponi kwa vidonge. Amesema mguu ule haujafa, umesahau. Ukitumiwa kila siku utakumbuka. Ukiachwa, miezi michache tu utakauka, na hapo hata akitaka hataweza. Na presha ikipanda tena akiwa amekaa hivyo, hatapata nafasi ya tatu.

Umeniuliza utafanyaje akiita. Mama, mimi hapa huwaacha wakiita. Nasimama nyuma ya pazia na nasikia. Si kwamba sisikii. Lakini ukimbeba kila siku, utambeba mpaka kaburini, na huko hatakuita.

Mpeleke kwa lango. Halafu uondoke.

Warigia

*

Kwa Waweru, Langas
18 Julai 1971

Kwa mama yangu Warigia,

Ni mimi baba yako Gathogo ninayesema, na Waweru ndiye anaandika, mkono wangu wa kuandika unaujua ulivyo.

Nataka ujue mama yako amenitupa. Jumatatu alinipeleka polepole mpaka kwa lango, akaniambia niote jua, akaenda. Jua likawa kali. Nikamwita. Niliita mpaka koo likakauka, na moshi wa jiko naona unatoka, kwa hivyo yuko. Kimeli alipita na ng'ombe, akaja kuniinua. Hapo ndipo mama yako alipotoka. Akamwambia Kimeli aende zake, asiniguse. Kimeli ni shahidi, muulize. Nilishika waya wa ua na mti mmoja baada ya mwingine, nikarudi kama mtoto, nikaanguka mara mbili, na yeye amesimama.

Sasa mimi sili mkono wake. Nakula kwa Muthoni. Ni taabu, kwa sababu kuna kushuka na kupanda, na pikapu ya Waweru imeharibika tangu wiki hiyo hiyo, mabaya huja pamoja. Naondoka asubuhi nafika jasho linatiririka. Jioni narudi, kesho tena. Mtu mwenye shamba, anakwenda kuomba uji ng'ambo ya mto kama mpita njia. Lakini nitakwenda. Afadhali nifie njiani kuliko nile chakula cha mtu aliyenitazama nikianguka.

Umwandikie umwambie amefanya vibaya. Wewe ni mama yangu, ni wewe utanitetea.

Baba yako,
Gathogo

(Mimi Waweru nakusalimu. Mengine utaambiwa na mama yako.)

*

Langas, Eldoret
15 Agosti 1971

Kwa mwanangu Warigia,

Waweru anakusalimu, Muthoni na watoto, Mzee Kimeli, Mwalimu Chepkoech. Salamu za baba yako sina, kwa sababu hasemi na mimi. Lakini nimemwona leo akipita, ni mzima.

Najua alikuandikia. Hakukudanganya. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, kikombe cha maji mkononi, namwona kwa ufa. Kwanza aliita jina langu kama mtu anaita mbwa. Halafu kama mtu anaita bibi yake. Halafu kama mtoto. Kikombe nilikishika hivyo hivyo mpaka maji yakawa moto kwa mkono wangu. Alipofika Kimeli nikatoka, nikamwambia aende. Kuanguka kwake baba yako angesamehe. Kumrudisha Kimeli ndiko hasamehe. Alipoingia ndani alisema tu, "Sitakula mkono wako tena," na kutoka hapo hakuniambia neno.

Kesho yake asubuhi akashika fimbo akaenda kwa Waweru. Nilimfuata kwa mbali nimejificha kwa miti. Alipumzika kwa kila mti. Pale mtoni alisimama sana nikafikiri atarudi. Hakurudi. Ni hasira ilimpandisha.

Hapo ndipo nilienda kwa Waweru kwa njia ya nyuma, nikamwomba pikapu yake iharibike. Alicheka. Ikaharibika. Na Muthoni nikamwomba asiweke chumvi nyingi. Mboga anazokula huko ni zangu, unga ni wangu, natuma kabla hajaamka. Muthoni anasema huwa anasifu chakula, ati Wahu hajawahi kupika namna hii.

Mguu wa kulia sasa unafika chini wote. Uvimbe umepungua, vile viatu vimeingia. Hospitali wamesema presha imeshuka. Kimeli anamwambia, siku hizi nani anakufukuza, na yeye anajibu ni bibi yangu. Kiti kiko baraza, kuku wamelala juu yake.

Lakini Jumapili iliyopita wazee wa kanisa walikuja, na baba yako amekaa katikati yao. Walisema mambo haya ni aibu, bwana na bibi hawali pamoja. Walisema nitoe neno moja tu, niseme nimekosa, nipike mbele yao, yeye ale, iishe. Mzee wao akasema, "Mama Warigia, amechoka. Mwambie pole arudi kwa kiti chake." Nikamwangalia baba yako. Alikuwa anangoja. Nakuambia alikuwa tayari kabisa, uso wake ulikuwa umelainika. Nilitaka kusema. Neno lilikuwa kwa ulimi.

Nikasema bado.

Walinyanyuka wakaenda bila kunywa chai. Kanisani wanawake wananiachia benchi peke yangu. Mmoja alisema nikisikia, yule aliyemtupa bwana kwa lango. Siumii. Nimeshangaa kwamba siumii, napita tu.

Jana jioni nilikuwa kwa shamba nachuma kunde, nikamwona anapanda kutoka mtoni. Hakusimama kwa mti hata mmoja. Alikuwa anaimba, ile ya zamani ya kuchimba, sauti inakatika kidogo kwa mlima na inaendelea. Mgongo wa shati ulikuwa umelowa wote. Alipita karibu na mimi, akanyamaza, akaendelea. Alipofika mbele akaanza tena. Hapo nilikaa chini kati ya kunde, nikalia. Ni mara ya kwanza tangu Mei. Halafu nikainuka nikamaliza kuchuma.

Sasa nakuuliza jambo. Wazee watarudi. Nikisema nimekosa atarudi kwangu, nami nimemtamani, nyumba ni kimya sana. Lakini atarudi na kiti. Najijua pia, nitampelekea chai. Nisiposema, atatembea, lakini atatembea akinichukia. Kwa hivyo muulize daktari, mtu akitembea muda gani ndipo mwili wenyewe unadai kutembea, hata kama hana hasira na mtu? Niandikie upesi, hata kama ni mstari mmoja, nijue nitakaa mke mbaya mpaka lini.

Mama yako,
Wahu